Kukarabati Orofa ya Nyumba Kongwe ya Mawe Mjini Lamu kwa Fedha Chache

Nyumba nzima ya mawe katika Mji wa Kale wa Lamu ni nadra siku hizi kupatikana kwa bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida ataimudu. Kinachopatikana ni sehemu: orofa ya juu ambayo warithi wameamua kuiachilia, au nusu ya nyumba iliyogawanywa baina ya ndugu miaka mingi iliyopita. Bei yake hushuka kwa sababu paa linavuja, kuta zimetoa chumvi na choo hakitamaniki. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mnunuzi wa namna hiyo, mwenye watoto na mwenye fedha za kuhesabu, anayetaka familia yake ihamie ndani bila ya kukopa tena. Rai yangu ni kwamba fedha za mwanzo zote ziende katika kuzuia maji, na chochote kinachopendeza macho kisubiri zamu yake.

Kabla ya kutoa arubuni

Thibitisha kwanza kwamba mali yenyewe inauzika. Baadhi ya nyumba za mji huu ni wakfu, na mali ya wakfu haiuzwi hata kama anayeishi ndani yake amezaliwa humo na ana funguo mkononi. Kama ni mali ya urithi, omba kuona hati ya mirathi kutoka Mahakama ya Kadhi yenye majina ya warithi wote, wakiwamo mabinti walioolewa Mombasa na ndugu wanaofanya kazi Uarabuni, kwa kuwa sahihi moja inayokosekana inaweza kuyarudisha mauzo yote mwanzo. Baada ya hapo fanya upekuzi rasmi kwa msajili wa ardhi, na usisahau kuweka kando ushuru wa stempu, ambao nchini Kenya ni asilimia 4 ya thamani ya mali iliyo ndani ya manispaa na asilimia 2 kwa iliyo nje yake. Watu wengi huzimaliza fedha zao kwenye bei ya ununuzi, kisha ushuru huu ukala fungu lililokuwa la paa.

Orofa ina jambo lake la ziada. Sheria ya Kenya ya mwaka 2020 inayohusu umiliki wa sehemu za jengo inawezesha kila sehemu kuwa na hati yake, lakini nyumba nyingi kongwe bado zina hati moja, au hazina kabisa. Kwa vyovyote vile, andikianeni na mwenye orofa ya chini, mbele ya wakili au mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili, ni nani atakayegharimia paa, ngazi, mfereji wa maji machafu na shimo la choo. Maneno ya baraza hayatoshi, kwa sababu anayeyatoa leo huenda kesho akauza na yeye.

Mji wa Kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na tangu kabla ya hapo ulikuwa eneo la hifadhi chini ya sheria za nchi. Kwa hiyo kuongeza orofa, kutoboa dirisha jipya linalotazama nje, kubadilisha mlango wa kuchonga au kugeuza aina ya paa ni mambo yanayohitaji idhini, mbali na kibali cha ujenzi cha serikali ya kaunti. Nenda katika ofisi ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya mjini hapo kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa chochote. Ushauri unaopatikana kwa watu wanaozijua nyumba hizi mara nyingi una thamani kuliko kibali chenyewe, na ni afadhali kuusikia kabla ukuta haujabomolewa.

Namna ya kuikagua

Muuzaji hupenda kuonyesha nyumba wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, ambapo kila ukuta ni mkavu na upepo unapita vizuri madirishani. Ikiwezekana irudie wakati wa masika, au angalau asubuhi baada ya mvua ya vuli, uone maji yanapita wapi.

Nyumba hizi zina mantiki yake. Kuta ni za matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na unene wake hukaribia nusu mita. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kawaida upana wake hauzidi mita 3, kwa sababu boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi bila ya kupinda. Juu ya boriti hupangwa vipande vya matumbawe, kisha humwagwa zege la chokaa na kokoto lililoshindiliwa hadi likawa sakafu ya orofa ya juu au paa bapa. Mzigo wote wa sakafu na paa, basi, umelala juu ya miti, na miti hiyo ndiyo ya kuchunguzwa kwanza.

Chukua tochi, chaki na bisibisi, upande ngazi hadi pale boriti inapoingia ukutani. Boriti ya mkoko kwa kawaida haianzi kuoza katikati, pale inapoonekana na kila mgeni. Huanzia kwenye kichwa chake kilichofichwa ndani ya ukuta uliolowana. Ichome kwa ncha ya bisibisi. Mti mzima hukataa, na chuma hurudi bila kitu. Mti ulioliwa na mchwa humeza ncha kwa sentimita kadhaa na kutoa unga wa rangi ya kahawia. Kisha igonge kwa mpini, usikilize kama mlio ni mkavu au ni wa kitu chenye uvungu. Tia alama ya chaki kila boriti mbovu, na uzihesabu chumba kwa chumba. Boriti tatu mbovu katika chumba ni kazi ya kawaida. Theluthi moja ya boriti zikiwa zimekwisha, na sakafu ya juu yake imebonyea, hilo ni suala la kurudi kwa muuzaji na kupunguziwa bei, ama kuachana na nyumba hiyo.

Kwenye kuta, madoa yasikutishe kabla ya kujua chanzo chake. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe pande zote nne na ukiache kwa siku nzima. Ukikuta matone upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka katika ukuta wenyewe. Ukikuta nje ya nailoni ndiko kulikolowana, tatizo ni hewa isiyozunguka, na dawa yake ni kufungua madirisha yaliyozibwa, wala si plasta mpya. Chunguza pia nyuma ya doa kuna nini: mara nyingi utakuta bomba la jirani, choo cha orofa ya juu, au mfereji wa uchochoro ulioziba taka.

Kuhusu nyufa, methali ya ufa na ukuta inajulikana kwa kila mtu, lakini mafundi huitumia vibaya. Ufa uliozibwa kabla haujajulikana kama bado unatembea utafunguka tena pembeni mwa kiraka. Paka kibandiko chembamba cha plasta juu ya ufa, andika tarehe, na usubiri miezi kadhaa huku ukifanya kazi nyingine. Kibandiko kikipasuka, ukuta unasogea, na hapo unahitaji fundi mwashi mzoefu, au mhandisi, kabla ya mtu wa rangi.

Vifaa, mashua na punda

Gharama ya kifaa Lamu si bei yake ya dukani. Mfuko unaotoka bara hushushwa Mokowe, kwenye gati la upande wa bara, hupakiwa mashuani, hupakuliwa gatini, kisha hubebwa na punda au hamali hadi mlangoni, na ukishafika mlangoni bado kuna ngazi ya orofa. Kila mkono unaoupokea unalipwa. Kwa sababu hiyo, agiza kwa pamoja vitu vya awamu nzima, na kama kuna jirani anayejenga, jazeni chombo kimoja. Sababu nyingine ya kuhesabu vizuri ni kwamba uchochoro si ghala: rundo la mchanga likikaa wiki mbili mbele ya daka (kibaraza cha mlangoni) la watu, uhusiano na jirani huharibika mapema, na jirani huyo ndiye utakayemwomba ruhusa ya kuegemeza ngazi kwenye ukuta wake.

Usitupe kitu wakati wa kubomoa. Mawe ya matumbawe yaliyotoka katika ukuta mbovu hutumika tena, vipande vidogo huwa kokoto za zege la chokaa, na boriti iliyooza kichwa tu hukatwa ikawa kizingiti cha dirisha. Mawe mapya huja kutoka kisiwa jirani cha Manda, ambako yanachimbwa. Boriti mpya zinunuliwe kwa mchuuzi mwenye leseni ya misitu na atoe risiti, kwa kuwa ukataji wa mikoko unadhibitiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya. Eleza wazi kwamba unataka boriti hasa, si mazio wala pau, ambazo ni nyembamba na haziwezi kubeba sakafu.

Kazi ya kwanza ni paa

Paa bapa la chokaa linapovuja, desturi mbaya iliyoenea ni kumwaga tabaka jipya la saruji juu ya lile la zamani. Uvujaji husita kwa msimu mmoja au miwili, saruji ikapasuka kwa jua, na maji yakaingia kupitia ufa na kukwama chini yake, mahali yasipoweza kukauka. Wakati huohuo boriti zimeongezewa mzigo. Tabaka la saruji lenye unene wa sentimita 5 lina uzito wa karibu kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 6, basi, kinabebeshwa karibu tani 2 ambazo hakikujengewa. Mwambie fundi aondoe tabaka zilizoongezwa hadi afikie zege la asili, aangalie mteremko unaopeleka maji kwenye makopwe, yaani mifereji inayotoa maji ya mvua nje ya paa, azibue makopwe yenyewe, kisha arudishe tabaka jembamba la chokaa lililoshindiliwa na kusuguliwa. Wakati mwingine kuzibua makopwe na kurudisha mteremko kunamaliza nusu ya shida, na gharama yake ni ujira wa siku chache tu.

Wengine hupendelea kusimamisha paa la makuti juu ya lile bapa. Ni jambo la busara kwa ajili ya kivuli, nalo huikinga sakafu ya chokaa na mvua ya moja kwa moja. Hata hivyo makuti hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na moto ukishika paa moja huruka hadi la pili bila kuomba njia. Jiko lisiwe chini yake.

Tangi la maji linahitaji neno lake peke yake. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani 1, na kila siku naona matangi yaliyowekwa katikati ya paa, juu ya boriti tupu, kwa sababu hapo ndipo fundi wa mabomba alipopata nafasi. Tangi likae juu ya kuta mbili zinazokutana, ambapo uzito unashuka moja kwa moja hadi msingini.

Boriti hubadilishwa moja moja. Sakafu iliyo juu yake huegemezwa kwanza kwa nguzo na ubao mpana, boriti mbovu hukatwa na kutolewa, na mpya huingizwa ndani ya tundu la ukuta likiwa limesafishwa na kukauka. Fundi akikuambia atafungua chumba kizima kwa siku moja ili amalize haraka, mtafute mwingine.

Chokaa na kuta

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi vijana. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu kutoka ardhini na hewani, na huutoa tena kupitia plasta ya chokaa. Ukiuvika plasta ya saruji, unyevu hukosa njia. Chumvi iliyomo hukusanyika nyuma ya saruji, hugeuka chembe ngumu, na chembe hizo husukuma plasta hadi ikaachana na ukuta kwa mapande makubwa. Mwenye nyumba huona plasta imeanguka, hulaumu chumvi ya Lamu, kisha hupiga saruji nzito zaidi. Saruji ina mahali pake: katika shimo la maji machafu, chini ya sinki, kwenye kizingiti kinachokanyagwa. Kwenye ukuta wa zamani haina kazi, hata ile koleo moja ambayo fundi huiongeza kwa siri ili mchanganyiko ushike upesi.

Anza kwa kubandua plasta yote iliyoachana, na upite juu ya mstari wa doa kwa nusu mita. Chumvi iliyojitokeza isuguliwe kwa brashi kavu na kuzolewa. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Uache ukuta uwazi kwa muda, wiki kadhaa ikiwa ratiba inaruhusu. Huo ndio ukarabati wa bei nafuu kuliko wote, kwa kuwa hakuna anayelipwa ukuta unapojikausha.

Ukipata chokaa mbichi iliyochomwa kienyeji, izimwe na mtu mzima aliyefunika macho na mikono, watoto wakiwa mbali. Chokaa hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo, wala maji hayamwagwi juu ya chokaa, kwani huchemka kwa nguvu na kuruka. Rojo linalopatikana hufunikwa kwa maji na kuachwa wiki kadhaa, na kadiri linavyokaa ndivyo linavyozidi kuwa laini. Chokaa ya mifuko imekwisha kuzimwa kiwandani, lakini nayo ni vizuri ilowekwe usiku kucha kabla ya kutumika. Kiasi cha kawaida ni ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga mkali uliochekechwa. Mchanga wa ufuoni usitumike, na hata ule ulioletwa kama mchanga mzuri uonje kwa ncha ya ulimi: ukikolea chumvi, uoshwe kwa maji matamu au urudishwe. Wala usikubali mchanga uliochotwa kwenye matuta ya Shela, ambayo ndiyo yanayohifadhi maji ya kunywa ya mji.

Lowesha ukuta kabla ya kupiga. Tabaka moja lisizidi sentimita 1, na la pili lisipigwe kabla ya la kwanza kukaza. Chokaa haipendi haraka ya jua: wakati wa kaskazi tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta na urushie maji asubuhi na jioni kwa siku za mwanzo. Nyufa ndogo zikitokea, fundi arudi na mwiko kuzikandamiza kabla hazijakauka. Mwisho pakaza maji ya chokaa badala ya rangi ya plastiki, ambayo ingeziba tena pumzi uliyogharimika kuirudisha. Ukuta uliopakwa hivyo huacha unga kwenye nguo kwa muda. Tundika mkeka nyuma ya mahali watoto wanapoegemea.

Choo, umeme na jiko

Choo cha orofa ya juu ndicho adui mkubwa wa boriti zilizo chini yake. Kabla ya vigae, fundi amwage maji sakafuni na kuziba tundu, kisha mtazame dari la chini hadi kesho yake. Chagua vigae vyepesi, eneo dogo, na mabomba yanayopita nje ya ukuta yanapoonekana, kwa sababu bomba lililofichwa huvuja miaka miwili kabla halijajulikana. Hakikisha shimo la choo halipakani na kisima kinachotumiwa na mtaa.

Waya za zamani zisiachwe hata kama taa zinawaka. Tumia fundi mwenye leseni, aweke waya wa ardhini na swichi inayokata umeme unapovuja, na apitishe waya ndani ya mabomba membamba juu ya ukuta badala ya kuchimba mifereji katika matumbawe.

Jiko halihitaji makabati. Zidaka, yaani vishubaka vilivyomo ukutani, zinatosha vyombo, na meza moja ya mbao yenye sinki, karibu na dirisha, hufanya kazi yote. Mtungi wa gesi ukae mahali penye hewa. Sakafu za vyumba zibaki za chokaa, zizibwe mashimo na kutandikwa mikeka. Milango na madirisha ya zamani mpe seremala akate sehemu iliyooza chini na kuunga ubao mpya. Ni nafuu kuliko mlango mpya, na mbao za zamani ni ngumu zaidi. Ukingo wa paa upimwe kabla watoto hawajahamia, usipungue mita 1, na kama unainuliwa zungumza kwanza na jirani ambaye kiwanda chake (ua wa ndani wa nyumba) kitaonekana au kitazibwa mwanga.

Ujira

Kazi ya chokaa na boriti ilipwe kwa kutwa, huku wewe mwenyewe ukinunua vifaa, kwa sababu fundi aliyepewa kazi nzima kwa bei moja ana kila sababu ya kupiga tabaka la pili kabla la kwanza halijakaza. Choo, umeme na useremala vinaweza kupatanwa kwa jumla, kwa maandishi, na malipo yagawanywe kulingana na hatua iliyomalizika. Sehemu moja kati ya tano ya bajeti isiguswe hadi boriti zote zimefunuliwa, maana ndani ya ukuta hakuna anayeona. Kwa paa, patana tangu mwanzo kwamba fungu la mwisho la ujira litalipwa baada ya masika ya kwanza kupita, na mvua ikianza pita chumba kwa chumba na chaki ileile, uzungushie kila doa jipya na uandike tarehe, ili fundi atakapokuja kuchukua chake mkague pamoja naye.